Mizani ya kioo kwa kikundi cha kupunguza uzito: inafaa, ila ijue tabia zake

Kikundi kinachotaka kupunguza uzito kwa mwaka mzima, si kwa wiki tatu za Januari, kinaanza na vitu vitatu: watu sita hadi kumi na wawili wanaoaminiana, kauntabuku moja, na mizani moja. Watu mnao. Kauntabuku ipo kila duka la vifaa vya shule. Mizani ndiyo ya kununua kwa macho mawili, kwa sababu ikidanganya wiki mbili mfululizo watu wanaanza kuchelewa, wiki ya tatu wana dharura, na ya nne hawaji.

Inayozungumziwa hapa ni ile ya kioo, ya mraba, inayotumia betri. Mwanza unaipata katikati ya mji, kwenye maduka ya vyombo na vifaa vya umeme kuanzia Makoroboi mpaka Rwagasore, na mara nyingine hata kwa machinga. Kwa kawaida bei inacheza kati ya shilingi 25,000 na 40,000, kutegemea duka na unavyojua kupatana. Majina kwenye maboksi ni mengi lakini ndani kitu ni kilekile: kioo kigumu, vihisi vinne vya uzito, kimoja kwenye kila mguu, skrini ndogo, na betri, mara nyingi ile bapa ya duara kama sarafu yenye namba CR2032. Kikomo chake huwa kilo 180 na inasoma kwa hatua za gramu 100.

Kwa kazi ya kikundi, mizani hii inatosha. Haitakupa uzito wako wa kweli hadi gramu ya mwisho, na kikundi hakiuhitaji. Mizani inayozidisha nusu kilo kwa kila mtu, kila wiki, haina madhara yoyote: aliyetoka 92.4 akafika 90.1 ameshuka kilo 2.3 tu hata kama namba zote mbili zimezidi. Ya kuogopa ni ile inayoyumba, leo inazidisha, wiki ijayo inapunguza.

Kwa hiyo usilipe kabla hujaijaribu, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Iweke juu ya marumaru au saruji iliyosakafiwa vizuri, isiyo na mchanga. Ibonyeze kwa mguu, isubiri ijizime, kisha panda. Soma, shuka, acha ijizime, panda tena, mara tano. Zikipishana zaidi ya gramu 200 au 300, irudishe. Kisha jaribio la maji, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na maji yanauzwa kila kona. Panda mikono mitupu, halafu panda umebeba chupa sita za lita moja na nusu. Namba iongezeke kilo tisa na kidogo cha plastiki. Ikiongezeka nane au kumi, hiyo siyo. Mwisho, simama huku uzito umeelekea mbele kidogo, halafu nyuma, bila kukanyaga pembeni. Kihisi kimoja kikiwa kibovu, namba itaruka hapo.

Nyumbani, jaribio hilo unaweza kulirudia kila mwezi kwa dumu la lita 20. Lijaze mpaka alama, lifunge, lipime kwenye mizani ya biashara iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, mfano kwa muuza nafaka au bucha unayemwamini, andika uzito kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa dumu. Kuanzia siku hiyo dumu hilo ndilo shahidi wa kikundi. Mtu akisema mizani imeharibika, dumu linapanda, mjadala unaisha.

Sasa kuna tabia moja ya mizani hizi ambayo boksi haiitaji, na ndiyo inayoleta manung'uniko mengi. Nyingi zinakumbuka. Ukipanda mara ya pili na uzito unakaribia ule wa mwanzo, mizani inaamua kwamba ni mtu yuleyule na inarudisha namba ileile ya kwanza, hata kama kuna tofauti ya gramu mia mbili au tatu. Mtengenezaji anafanya hivyo ili mteja aone mizani yake “haiyumbi”. Kuigundua ni rahisi: panda, soma, shuka, panda tena ukiwa na chupa ya maji ya nusu lita mkononi, kisha mwaga nusu yake, panda tena. Kama namba inang'ang'ania palepale wakati maji yamebadilika, mizani yako inakumbuka.

Kwa mtu anayejipima peke yake hilo ni tatizo kubwa kidogo. Kwenye kikundi dawa ipo kwenye foleni. Mwenye kilo 83.4 asipande mara tu baada ya mwenye 83.2, maana anaweza kupewa namba ya mwenzake. Panga mzito, mwepesi, mzito, mwepesi. Kati ya mtu na mtu pitisha angalau kilo tano za tofauti, na mkikosa mtu wa katikati, pitisha dumu. Mpangilio huu mdogo unaondoa malalamiko ya “mbona sijasogea hata kidogo” ambayo kwa kweli hayakuwa kosa la aliyepimwa.

Sakafu nayo ina maneno yake. Nyumba nyingi za vilimani, Bugarika, Mabatini, Igogo, zimejengwa juu ya mawe na sakafu zake zina miinuko. Mizani ya kioo ikikaa kwenye mwinuko, mguu mmoja unaelea na namba inapungua. Ikikaa kwenye kapeti au mkeka, tumbo lake linagusa chini na sehemu ya uzito haifiki kwenye vihisi. Tafuta ubao wa plaiwudi mnene, sentimita 40 kwa 40, uuweke mahali palepale kila wiki na uchore alama chini kwa chaki. Na kila mizani ikihamishwa, hata kwa hatua moja, namba ya kwanza usiiandike: ibonyeze kwa mguu, isubiri irudi 0.0 na kuzima, ndipo watu waanze kupanda.

Wako watakaoshauri mnunue ya mshale badala ya hii, kwa kuwa haihitaji betri. Ya mshale inategemea springi, mistari yake ni ya kilo nzima au nusu kilo, na anayesoma akiinama upande anapata namba tofauti na aliyesimama wima. Mtu anayeshuka gramu 400 kwa wiki, ambao ni mwendo mzuri kabisa, kwenye mshale haoni kitu. Itamkatisha tamaa bure. Zile za bei ya juu zinazounganishwa na simu na kudai zinapima mafuta, maji na mifupa, kikundi kiziache pia. Zinapitisha umeme mdogo sana mwilini kupitia miguu na kukadiria, na kadirio hilo linabadilika kwa glasi mbili za maji au unyevu wa nyayo. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani haruhusiwi kuzipanda katika hali hiyo ya kupima mafuta. Tena programu yake humtambua mtu kwa kukisia uzito, kwa hiyo wawili wenye uzito unaokaribiana wanachanganyiwa kumbukumbu zao. Kama hela imebaki, nunua futi ya fundi cherehani. Kiuno kipimwe mara moja kila wiki nne, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu ametoa pumzi kawaida. Kwa mwanamke sentimita 88 na kwa mwanaume 102 ni mipaka ambayo ukiivuka hatari ya kisukari na moyo inapanda sana, na kuna wiki ambazo mizani inasimama huku kiuno kinapungua.

Siku ya kupimana

Chagueni siku ya katikati ya wiki. Jumatatu inabeba chakula cha harusi na misiba ya Jumamosi na Jumapili, na Kanda ya Ziwa vikundi vingi vina Wasabato ambao Jumamosi hawatakuja na hawapaswi kulazimishwa. Alhamisi saa 12:30 asubuhi inafaa: umeamka, umekwenda chooni, hujanywa chai. Viatu nje, simu na funguo pembeni, na kila mtu avae nguo ileile ya kupimia, kanga au fulana na pensi. Kitenge kizito kilichoshonwa na bitana wiki hii na dera jepesi wiki ijayo ni nusu kilo ya uongo.

Anayepimwa pamoja na karani, yule anayeandika kwenye kauntabuku, ndio pekee wanaoiona skrini. Hili lisibadilishwe kwa utani wala mazoea. Karani akae ubavuni, siyo mbele, na aseme kwa sauti ya chini: “Mama, simama katikati, tazama ukutani, usiniangalie mimi.” Namba inacheza sekunde mbili tatu kisha inaganda. Ikiganda ndiyo inaandikwa, si kabla. Mwenye magoti mabovu au mwili mzito sana awekewe kiti pembeni cha kushika wakati wa kupanda, lakini mkono uachie kiti kabla namba haijaganda, kwa sababu mkono ulioshika unapunguza kilo kadhaa. Nyayo zilizolowa umande zifutwe kwanza. Kioo na maji havipatani, na mtu akiteleza hapo harudi tena kwenye kikundi.

Kwenye kauntabuku kila mtu ana ukurasa wake: tarehe, uzito, badiliko, na mstari mmoja wa jambo alilolifanya wiki hiyo. Kinachosemwa mbele ya wenzake ni badiliko tu, na akitaka mwenyewe. Jumla ya kikundi isomwe kwa sauti: “Wiki hii wote kwa pamoja tumeshuka kilo tatu na gramu mia mbili.” Hapo hata aliyepanda gramu 500 yumo ndani ya ushindi na hana haja ya kujificha.

Skrini ikionyesha “Lo” betri imekwisha, ibadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu betri dhaifu huanza kudanganya kabla haijafa. Ikionyesha “Err” mtu amezidi kikomo au amekanyaga pembeni. Mwenye zaidi ya kilo 180 akapimwe kwenye mizani kubwa ya kituo cha afya, kwa siku yake, na karani aende naye. Na ikitokea mtu wa kilo 80 ameona 176, asizimie: kuna kitufe mgongoni mwa mizani kinachobadilisha kilo kuwa paundi, na watoto wanapenda kukibonyeza.

Namba inasema nini

Hapa ndipo wengi wanapotoka njiani. Mwili wa mtu mzima unapanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache kwa maji peke yake. Kula kayabo, samaki mkavu wa chumvi, jioni, ile chumvi inashika maji, na asubuhi mizani imepanda bila wewe kuongeza mafuta hata kidogo. Kula ugali mwingi baada ya siku mbili za kula kidogo, wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini unajihifadhi pamoja na maji, takribani gramu tatu za maji kwa kila gramu moja ya wanga. Wanawake wengi hupanda siku za karibu na hedhi na kushuka zikipita. Kwa sababu hiyohiyo kilo mbili au tatu zinazotoka wiki ya kwanza ni maji kwa sehemu kubwa, na anayejisifia wiki hiyo ataumia wiki ya tatu mwendo ukirudi kwenye nusu kilo.

Chukua ukurasa wa mfano. Wiki nane: 92.4, 91.0, 91.3, 90.6, 90.8, 90.1, 90.5, 89.6. Ukisoma wiki moja moja, mtu huyu “amefeli” mara tatu. Jumlisha nne za kwanza ugawanye kwa nne: 91.3. Nne za mwisho: 90.3. Ameshuka kilo moja safi kwa mwezi na hakuna wiki hata moja iliyostahili machozi. Karani awe na kikokotoo cha simu na afanye hesabu hiyo mbele ya mwenyewe kila wiki ya nne. Ni dakika moja, na ndiyo huduma bora kuliko zote ambazo kikundi kinampa mtu.

Lengo la kwanza liwe asilimia tano ya uzito wa kuanzia. Kwa mtu wa kilo 92 hiyo ni kilo 4.6. Inaonekana ndogo, lakini ndipo sukari na shinikizo la damu vinapoanza kusogea. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwalenga watu kupunguza asilimia saba na kutembea dakika 150 kwa wiki, na waliokuwa hatarini wakapunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Barabara ya Capri Point jioni, kwenda na kurudi kwa mwendo wa kutoa jasho, inaimaliza sehemu ya siku vizuri.

Na mizani haipunguzi uzito. Baada ya kupimana, dakika ishirini ziende kwenye jambo moja tu la wiki, lenye kipimo. Mafuta yapimwe kwa kijiko cha chakula badala ya kumiminwa, maana kijiko kimoja ni kama kalori 120 na mkono unaomimina unatoa vitatu bila kujua. Wiki inayofuata soda. Inayofuata, sato achemshwe au achomwe badala ya kuzamishwa kwenye mafuta. Michembe na matobolwa yapewe wiki yao peke yao: viazi vikishakauka maji yametoka, chakula kimebaki, na kiganja kimoja cha kutafuna njiani ni kiazi kizima cha kuchemsha. Mambo mawili kwa wiki moja ni mengi.

Pesa za ushindani msiziingize. Mchezo wa “aliyeshuka zaidi anachukua kitita” unawafanya watu washinde bila maji, wanywe dawa za kuharisha, na wale mara mbili siku inayofuata. Faini itozwe kwa kutokuja, kamwe isitozwe kwa kupanda uzito. Huyo aliyepanda ndiye kikundi kilianzishwa kwa ajili yake. Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, mwaka 1961 aliita marafiki nyumbani kwake waongee kuhusu kula, na miaka miwili baadaye mikutano hiyo ikawa Weight Watchers, kampuni ya vikundi vya kupunguza uzito. Kiini chake kilikuwa watu kukaa sebuleni na kuambiana ukweli. Huko Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanza mwaka 1994 linalofuatilia waliopunguza uzito na kuuzuia usirudi, na takribani robo tatu yao wanajipima angalau mara moja kwa wiki, miaka baada ya kufika lengo. Kwa hiyo msivunje kikundi mtu akifika. Awe karani.

Kabla ya Alhamisi ya kwanza, anayetumia insulini au vidonge vya kisukari aongee na daktari wake, kwa sababu akipunguza chakula bila dozi kuangaliwa sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Wa dawa za presha vilevile. Mjamzito asijiunge kupunguza. Na anayepungua bila kujitahidi, kilo zinakimbia huku anakula kama kawaida, huyo si wa kupongezwa. Apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Kuitunza ni kazi ndogo. Kioo chake ni cha aina ambayo ikigongwa ukingoni hupasuka chote kwa mara moja, kwa hiyo isiegemezwe ukutani wala kusafirishwa kwenye bodaboda bila boksi lake na lile povu jeupe. Tunza vifuniko vya mpira vya miguu. Kikidondoka kimoja, mizani inainama. Isikae jikoni kwenye mvuke wala bafuni. Watu kumi wakichanga shilingi 500 kila Alhamisi, wiki ya nane mna 40,000, na hizo nunueni mizani ya pili kabla ya kwanza haijafa. Siku mnayoileta, kila mtu apande zote mbili asubuhi hiyohiyo, na tofauti iandikwe kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kila mmoja, ili namba za miezi iliyopita zisipotee pamoja na kioo kilichopasuka.